Chokaa Bila Tambuu

Karatasi ya majibu ya maabara ilikuwa na mistari kumi na miwili, na sista alikuwa ameuzungushia mmoja tu kalamu nyekundu. Fosfeti. Mbele yake nambari, na mbele ya nambari mshale unaotazama juu.

"Imepanda tena," aliniambia kwa sauti ya chini. Mama alikuwa bado amelala kwenye kile kiti kikubwa, mkono wa kushoto umenyooshwa, damu yake ikitoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. "Mwezi wa tatu sasa. Kwani nyumbani anakula nini?"

Nikajibu haraka, kama mtoto aliyeulizwa nani amevunja kikombe: "Namchunga, sista. Simpi chochote kilichokatazwa."

Na ilikuwa kweli, simpi. Ndiyo maana nilitoka pale nikiwa nimemkasirikia mamangu.

Tunaishi Likoni. Jumanne na Ijumaa ndizo siku zetu za mashine, na siku hizo tunatoka nyumbani kabla hakujapambazuka, tuktuk hadi feri, kisha tunasimama bandani pamoja na watu waendao kazini, wanafunzi, akina mama wenye ndoo za samaki. Ukiwa mzima unavuka tu, simu mkononi, huoni kitu. Ukivuka na mgonjwa ndipo unajua ule mteremko wa kupandia ni mrefu kiasi gani. Mama hunishika bega, anahesabu hatua kwa midomo. Ng'ambo kuna matatu, halafu hospitali, halafu saa nne za kusafishwa damu. Figo nzima hufanya kazi hiyo usiku na mchana, hata ukiwa usingizini. Mamangu anafanyiwa kwa saa nane kwa wiki, na kilichobaki tunakitafuta jikoni.

Jikoni mimi ndiye askari. Nilibandika orodha ukutani juu ya jiko la gesi, kwa maandishi makubwa. Madafu hapana. Ndizi hapana. Maji kwa kipimo. Halafu ile safu ya fosfeti: maharagwe, dagaa, maziwa, njugu, soseji, soda nyeusi. Na juu kabisa, nimepigia mstari mara mbili, mbaazi.

Hapo nieleze. Mamangu aliuza mbaazi za nazi na mahamri kwa miaka kumi na tisa, kwenye meza ile ile, mbele ya mlango ule ule. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye sufuria ile. Nauli yangu ya chuo pia. Figo zilipokataa, alimwachia mdogo wake meza na mapishi, na sasa kila asubuhi harufu ya mbaazi zake mwenyewe inaingia kwa dirisha naye ameketi na kipande cha mkate mweupe na chai ya rangi.

Jambo jingine nalisema mapema kwa sababu aibu ya kisa hiki iko hapo: nina digrii ya baiokemia. Mchana nasimamia kibanda cha M-Pesa, jioni nafundisha tuisheni watoto wa Fomu Fo, lakini digrii ninayo, imo kwenye bahasha juu ya kabati. Kwa hivyo nilipoambiwa fosfeti imepanda, sikuona haja ya kuuliza maswali mengi. Kama haingii kwa mkono wangu, basi inaingia kwa mkono mwingine.

Jioni ile nikakuta bakuli kwenye karo. Lilinuka tui.

"Mama, hii ni nini?"

"Bakuli."

"Lilikuwa na nini?"

"Mbaazi za mamako mdogo. Alikuja akala hapa, tukapiga soga. Mimi nimenusa tu." Akanitazama. "Ama kunusa pia kwapandisha hiyo fosfeti yenu?"

Ningecheka, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikatoa ile karatasi mkobani, nikamwonyesha mshale. "Mama, mashine haidanganyi."

Alinyamaza muda mrefu. Mamangu si mtu wa kunyamaza.

"Haya," akasema. "Mwongo ni mimi basi." Akainuka, akaenda kulala bila kula.

Chumba chake na changu vinagawanywa na ukuta mwembamba. Usiku ule nilimsikia akijikuna. Fosfeti ikizidi kwenye damu, ngozi huwasha, muwasho usiokoma kwa mafuta ya nazi wala kwa poda. Ni sauti ndogo tu, kucha kwenye ngozi kavu, lakini ukiisikiliza saa saba za usiku huku ukijua umemwita mamako mwongo, haiwi ndogo tena. Nikachukua simu. Sikuwa natafuta dawa. Nadhani nilikuwa natafuta hoja, kitu cha kumwonyesha asubuhi kwamba nilikuwa na haki.

Nilianzia mbali. Mwaka 1669, mjini Hamburg, mtu mmoja kwa jina Hennig Brand alikuwa akitafuta dhahabu kwenye mkojo. Rangi ni ya manjano, labda alifikiri hivyo. Aliuchemsha mkojo mwingi, akaukausha, akaupasha moto mkali, na mwishowe akapata kitu cheupe kilichong'aa gizani. Ndiyo fosforasi. Nilikuwa nimeisoma habari hii chuoni na kuicheka. Safari hii sikucheka. Fosforasi ilikuwa mkojoni kwa sababu figo za watu waliotoa mkojo ule zilikuwa zikifanya kazi: zinachuja fosfeti iliyozidi na kuitupa nje. Kitu ambacho Brand alikihangaikia kwa moto ni kile ambacho figo za mamangu zimeshindwa kukitoa.

Sasa kama ni takataka, mbona mwili unaihitaji? Kwa sababu haikuanza kama takataka. Mifupa na meno ni fosfeti na kalsiamu. Uti wa mgongo wa DNA umeungwa kwa fosfeti, kiungo baada ya kiungo. Utando wa kila seli umejengwa kwa mafuta yenye kichwa cha fosfeti. Na juu ya yote kuna ATP, ambayo kila mwanafunzi wangu wa tuisheni anaweza kuitaja na wachache wanaweza kuieleza.

ATP iligunduliwa mwaka 1929, na Karl Lohmann huko Ujerumani, na mwaka huohuo na Cyrus Fiske na Yellapragada Subbarow huko Boston. Ni molekuli ndogo yenye mkia wa fosfeti tatu. Kila fosfeti ina chaji hasi, na chaji zinazofanana husukumana. Fikiria watu watatu waliogombana wamebanwa kiti cha nyuma cha tuktuk moja. Mmoja akishuka, wote wanapumua. Seli inapoikata ile fosfeti ya mwisho, nafuu inayopatikana ndiyo nguvu ya kukunja msuli, ya kupitisha habari kwenye neva, ya kujenga protini. Inayobaki na fosfeti mbili huitwa ADP, nayo hurudi kwenye mitokondria kupachikwa fosfeti nyingine na kimeng'enya kinachozunguka kama pangaboi. Paul Boyer na John Walker walipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Kemia ya 1997 kwa kueleza kinavyofanya hivyo.

Kwa nini fosfeti na si kitu kingine? Mwaka 1987 mkemia Frank Westheimer aliuliza swali hilo hilo katika jarida la Science. Jibu lake, kwa ufupi wangu, ni kwamba fosfeti inaweza kushika vitu viwili pamoja na bado ikabaki na chaji yake hasi. Chaji hiyo huilinda isivunjwe ovyo na maji, na huizuia isivuje nje ya seli. Inashika imara, lakini kimeng'enya kikija, inaachia. Vitu vingi hushika visiachie, au huachia visishike.

Kilichonikalisha kitako kitandani ni uchache wake. Mwilini mwako hivi sasa hakuna hata robo kilo ya ATP. Lakini kwa siku moja unatumia kiasi kinachokaribia uzito wako mzima. Itawezekanaje? Mtu wa Likoni hahitaji kuelezwa sana. Tuna MV Likoni, MV Kwale, MV Jambo na nyingine chache, na husemwa kwamba zaidi ya watu laki tatu huvuka kila siku. Feri si nyingi. Ila zinarudi. Moja ikikwama ng'ambo, ndani ya nusu saa banda limefurika na watu wanaanza kutukanana. Molekuli moja ya ATP nayo hujazwa na kumwagwa mamia ya mara kwa siku. Sayanaidi huua kwa dakika chache kwa sababu inazuia marejeo hayo, basi.

Nikakumbuka Mama anavyotoka kwenye mashine, mguu mzito, akisema "nguvu zimekwisha", nami nikimjibu, "Mama, pumzika tu." Hata mtu anayesema nguvu zimekwisha, ndani yake feri zinakwenda na kurudi. Ameketi tu, hazijasimama.

Saa nane usiku. Ukutani, kucha.

Niliendelea kusoma. Swali lililofuata ni lile ambalo wanafunzi huuliza kila mara nami hulikwepa: kama uhai hauwezi kwenda bila fosfeti, uhai wa kwanza uliipata wapi?

Charles Darwin alikuwa amewaza hilo kwenye barua kwa rafiki yake Joseph Hooker mwaka 1871. Alibuni kidimbwi kidogo chenye joto, na katika vitu alivyovitia ndani ya kidimbwi hicho kulikuwamo chumvi za fosforasi. Wazo zuri, lakini wanakemia waliomfuata walikuta tatizo. Fosfeti si adimu sana ardhini. Tatizo ni kwamba imefungwa. Ikikutana na kalsiamu majini, hushikana nayo, zikaganda, zikawa madini magumu yasiyoyeyuka kirahisi. Meno yako yametengenezwa kwa ndoa ya aina hiyo, na unajua yalivyo magumu. Kalsiamu imejaa kila mahali, mitoni na baharini. Kwa hivyo popote ambapo uhai ungeanzia, kalsiamu ingekuwa imeshafika, imeshachukua fosfeti, na imeshazama nayo.

Hapo ndipo nilipoliona jina ambalo sikutarajia kulikuta kwenye makala ya kisayansi saa nane za usiku. Magadi.

Nilizaliwa Changamwe. Babangu, Mungu amrehemu, alikuwa kibarua bandarini, na kati ya shehena alizopakia ilikuwamo magadi, ile inayotoka kwenye ziwa huko Kajiado na kushuka kwa treni hadi Mombasa kupakiwa melini. Imekuwa ikichimbwa kule kwa zaidi ya miaka mia moja, inatengenezewa vioo na sabuni nchi za watu. Siku za magadi Baba alirudi mweupe: nyusi, masikio, mikunjo ya shati. Mama alimzuia mlangoni ajikung'ute kwanza. Sisi watoto tulijua magadi kwa njia mbili tu, vumbi la Baba na lile donge la sokoni Kongowea ambalo ukilitia kidogo kwenye maharagwe yanaiva upesi.

Mwishoni mwa mwaka 2019, Jonathan Toner na David Catling wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu maziwa ya aina hii: Mono huko California, Lonar huko India, na Magadi letu. Maziwa haya yamejaa kaboneti. Kaboneti na fosfeti zote zinaitaka kalsiamu, na pale kaboneti inapokuwa nyingi mno, yenyewe ndiyo inayoiwahi. Kalsiamu inashikana na kaboneti, zinazama pamoja kama mawe ya chokaa, na fosfeti inabaki majini peke yake, huru, bila wa kuifunga. Jua linakausha maji, inazidi kukolea. Kwa hesabu zao, maziwa kama haya yanaweza kuwa na fosfeti hadi mara 50,000 ya ile iliyomo baharini na mitoni. Kidimbwi cha Darwin, kumbe, huenda kilikuwa na sura ya ziwa lililommezesha babangu vumbi.

Huenda. Wako wanasayansi wanaoshikilia kwamba uhai ulianzia chini ya bahari, kwenye matundu yanayotoa maji moto, na wako wanaosema fosforasi ya kwanza iliyoweza kutumika ililetwa na vimondo. Mjadala haujafungwa. Lakini nilikuwa nimeshaacha kuujali mjadala, kwa sababu sentensi moja ilikuwa imenikwama kooni.

Kalsiamu ikikutana na fosfeti, inaifunga.

Nikainuka. Nikaenda jikoni, nikawasha taa, nikalifungua lile boksi la plastiki la dawa za Mama lenye vyumba vya siku na saa. Katika kila siku kulikuwa na tembe tatu kubwa nyeupe, za kutafuna. Nikaitoa chupa yake, nikasoma kilichoandikwa kwa herufi ndogo, jina ambalo nilikuwa nimelipita kwa miezi mitatu kama mtu anavyopita kibao cha njia anayoijua. Kalsiamu kaboneti. Chokaa.

Hizo tembe si za kuongeza nguvu za mifupa, kama nilivyomwambia Mama. Ni mtego. Asidi ya tumbo inaiachilia kalsiamu, kalsiamu inaidaka fosfeti ya chakula pale pale tumboni kabla haijaingia kwenye damu, zinatoka pamoja chooni. Ni kazi ile ile ambayo kalsiamu imekuwa ikiifanya tangu dunia ichanga, ile iliyoupa uhai shida, na safari hii tunaitaka. Lakini mtego unanasa kinachopita. Tembe na chakula lazima vikutane.

Kwenye karatasi ya dawa paliandikwa moja mara tatu. Nami, msomi, nikagawanya saa ishirini na nne kwa tatu. Saa kumi na moja alfajiri, saa saba mchana, saa tatu usiku. Niliweka na kengele kwenye simu. Sikuwahi kuchelewa hata siku moja, najisifia hilo. Mama naye anakunywa chai saa tatu asubuhi. Cha mchana anakula saa tisa, nikipata nafasi ya kufunga kibanda nije nimpikie. Cha jioni ni saa moja, baada ya Magharibi. Kwa miezi mitatu tembe zilikuwa zikishuka kwenye tumbo tupu, na chakula kikishuka bila mlinzi.

Mashine haikuwa imedanganya. Mamangu pia hakuwa amedanganya. Nilisimama pale jikoni, chini ya orodha yangu mwenyewe, nikiwa na chupa mkononi, hadi muadhini akaadhini.

Ijumaa tulivuka pamoja. Siku mbili zilikuwa zimepita na tulikuwa tumezungumza maneno ya lazima tu: maji yako haya, kanga yako hii. Kabla ya kutoka nilikuwa nimepiga simu, na mtaalamu wa lishe akanithibitishia: tembe inatafunwa na chakula, katikati ya matonge, si kabla wala baada ya saa mbili. Aliongea kwa upole, jambo ambalo lilizidisha.

Feri ilipong'oa nanga nikasema, "Mama, ile fosfeti. Kosa lilikuwa langu."

Hakugeuka. "Kosa gani?"

Nikamweleza. Nilianza na tembe, nikajikuta nimerudi kwenye kalsiamu, kutoka kalsiamu nikafika Magadi, na nilipokuja kushtuka nilikuwa naeleza ATP katikati ya maji ya Kilindini, huku mwanamume mmoja mwenye baiskeli ya mikate akinisikiliza waziwazi.

"Ngoja kwanza," Mama akasema. "Wasema mwilini mwangu mna feri?"

"Nyingi mno, Mama. Ndogo ndogo."

"Na zavuka hata nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa bei anayoikubali. "Na hao wazungu wako wasema watu walianzia Magadi."

"Si watu, Mama. Uhai wenyewe, vile vitu vidogo vya mwanzo kabisa. Na hawajasema kwa uhakika, wanasema huenda."

"Udongo na maji," akasema. "Mbona hayo twayajua kitambo?"

"Mama, wao wanasema magadi."

"Na magadi si udongo?"

Sikuwa na jibu. Mwenye baiskeli akacheka. Mama akatazama maji kidogo, halafu akasema kwa sauti nyingine, "Babako alikuwa akirudi mweupe pe, kama aliyekwisha vikwa sanda. Namwambia, ewe bwana, kajikung'ute huko nje, wanitilia magadi kwenye mchuzi. Kumbe alikuwa abeba mambo." Akavuta kanga. "Angalisikia haya angalicheka."

Tulikuwa tunakaribia kutia nanga. Watu wakaanza kusogea mbele kama kawaida, kila mtu akitaka kuwa wa kwanza kwenye mteremko. Akanishika bega.

"Siku ile waliniumiza, mwanangu," akasema. "Si wewe peke yako. Wewe na hiyo karatasi yako. Mtu amepika mbaazi miaka kumi na tisa awalishe watu, kisha aulizwe kama ameiba kijiko."

"Niwie radhi, Mama."

"Nshakuwia. Twende, tusikanyagwe."

Mwezi uliofuata karatasi ilikuja, mshale bado upo, lakini nambari imeshuka. Sista aliuliza tumebadilisha nini. Nikamwambia saa. Muwasho haujaisha, ila umepungua kiasi cha Mama kulala mpaka alfajiri siku nyingine. Jumanne na Ijumaa ziko pale pale, feri iko pale pale, na najua vizuri kwamba tembe ya chokaa haiponyi figo. Bado tunaishi kwa kipimo.

Ile orodha ya ukutani niliishusha, nikaiandika upya na yule mtaalamu wa lishe. Nilijifunza kwamba fosfeti iliyomo kwenye nafaka na kunde huingia kwenye damu kidogo kuliko ile inayotiwa viwandani kwenye soda na soseji, kwa hivyo soda nyeusi ndiyo sasa iko juu kabisa, imepigiwa mstari mara mbili. Mbaazi zimeshuka hadi chini: ziroweshwe usiku, maji yamwagwe, zichemshwe, maji yamwagwe tena, vijiko viwili, mara moja moja, na zihesabiwe pamoja na vingine vya siku hiyo. Mama alisomewa masharti yote akasema hizo si mbaazi tena, ni mtihani.

Jumapili iliyopita nilimpikia. Nilifuata kila sharti, nikatia tui kijiko kimoja, nikampelekea kwenye bakuli lile lile. Mamangu mdogo aliacha meza yake akaja kusimama mlangoni kuangalia kama nitaziharibu. Mama akaonja, akafumba macho, akasema chumvi hakuna, lakini kwa mtu wa digrii si haba.

Halafu akanyoosha kiganja. Nikamwekea tembe yake katikati, akaitia mdomoni, akaitafuna polepole akikunja uso, meno yake meupe kwa vumbi.

"Wanipa chokaa bila tambuu," akasema. "Wapi umeona?"

Akachota kijiko cha pili.